Nahodha Aliyeokoka Akaendelea Kubeba Watumwa

Jumapili iliyopita baada ya ibada dada mmoja alinisimamisha pale mlangoni akaniuliza, kama mtu ameokoka kweli, mbona maisha ya zamani hayatoki siku hiyo hiyo? Nilimjibu harakaharaka, na njiani nikaona sijamjibu. Hebu nijaribu tena, kwa habari za John Newton, yule aliyetunga wimbo wa Amazing Grace.

Alizaliwa London mwaka wa 1725. Mamake, mcha Mungu, alifariki mtoto hajafikisha miaka saba. Babake alikuwa nahodha, basi kijana akakulia baharini. Alikamatwa kwa nguvu akatiwa katika manowari ya mfalme, akatoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake. Mwishowe akajikuta pande za Sierra Leone kwa mfanyabiashara wa watumwa, ambako yeye mwenyewe alilala njaa na kudharauliwa. Na mdomo wake! Hata mabaharia, watu ambao si wageni wa matusi, walimshangaa.

Machi 1748 alikuwa akirudi kwao kwa meli iitwayo Greyhound. Usiku dhoruba ikaipasua, maji yakajaa, mtu mmoja akazolewa na mawimbi. Newton alipiga pampu saa nyingi, na hapo ndipo alipomlilia Mungu amrehemu. Siku hiyo aliikumbuka kila mwaka mpaka kufa kwake.

Wahubiri wengi huishia hapo. Hata mimi nimewahi kuishia hapo, maana watu husema amina kwa sauti.

Lakini Newton alirudi kwenye biashara ile ile. Kuanzia 1750 alikuwa nahodha wa meli za watumwa, safari tatu. Jumapili aliwaongoza mabaharia katika sala juu ya meli, na chini ya mbao hizo hizo kulikuwa na Waafrika wamefungwa minyororo, wanaume, wanawake na watoto. Tafadhali usiipite hiyo sentensi mbio. Walikuwa watu wetu. Na alipoacha, mwaka wa 1754, si dhamiri iliyomtoa, ni ugonjwa wa ghafla.

Akapata kazi ya ushuru bandarini Liverpool, akajisomea Kigiriki na Kiebrania, na 1764 akawa mchungaji mji wa Olney. Wimbo wenyewe aliuandaa kwa ibada ya mwaka mpya wa 1773. Bado hajasema neno hadharani juu ya biashara ya watumwa. Alisema 1788, miaka 40 baada ya dhoruba, katika kijitabu alichokiri humo aliyoyafanya na kuyaona. Alitoa ushahidi pia mbele ya kamati ya bunge. Sheria ya kuipiga marufuku biashara hiyo ilipita Machi 1807. Yeye alifariki Desemba mwaka huo, mzee wa miaka 82, macho karibu yamekwisha.

Dada yangu, hili ndilo nilishindwa kukuambia pale mlangoni. Mimi niliokoka mwezi wa nne, nikabatizwa, nikaanza kushuhudia sokoni. Mizani ya dukani kwangu ilikuwa imechezewa, na niliijua. Niliendelea kuwapimia watu sukari nayo hadi Desemba.