Mackay, Mzungu wa Kazi

Katika parishi zetu za mashambani hapakosi mgeni mwenye ujuzi. Huyu ni mwalimu aliyetoka mkoa wa mbali, yule ni mganga wa zahanati, mwingine ni fundi wa mashine ya kusaga. Amefika na sanduku lake na vyeti vyake, lakini lugha ya kijijini haijui, shamba hana, jamaa hana. Wenyeji wanamtazama na kujiuliza amekuja kutafuta nini na atakaa siku ngapi. Naye usiku anajiuliza kama kazi aliyojifunza kwa shida itapata nafasi mahali hapa.

Leo tumkumbuke mgeni mmoja wa namna hiyo, Alexander Mackay, fundi wa mitambo, aliyefika nchi zetu mwaka 1876 na kuzikwa huku mwaka 1890. Wengi tumelisikia jina lake pamoja na habari za Kanisa la Uganda. Lakini miaka yake mingine aliitumia upande wetu wa Tanzania, kutoka Saadani hata Mpwapwa, na kutoka Ukerewe hata Usambiro, kusini ya Ziwa Viktoria.

Kijana wa Rhynie

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani. Mzee alitumaini mwanawe atarithi kazi ya madhabahuni, lakini mtoto alivutwa na moto wa mhunzi na randa ya seremala. Alikuwa tayari kutembea maili kadhaa kwenda kituo cha reli ili auone mtambo wa gari moshi kwa dakika chache tu, kisha arudi kwa miguu.

Alisomea ualimu mjini Edinburgh, kisha uhandisi. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akapata kazi Berlin ya kuchora ramani za mitambo. Huko nako alikuwa mgeni, akijifunza lugha ya watu na kula chakula cha watu. Alifanikiwa, akapandishwa cheo. Lakini moyo wake ulikuwa umeelekea kwingine. Aliwaza kwenda Madagaska kutengeneza barabara na kufundisha vijana ufundi pamoja na Injili. Njia haikufunguka. Akaomba kazi karibu na Mombasa, katika makazi ya watumwa waliokombolewa, akaambiwa nafasi imekwisha kupata mtu. Ndipo mwishoni mwa mwaka 1875 habari zikaenea Uingereza kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka waalimu. Chama cha CMS kikatafuta watu, Mackay akaandika barua, akakubaliwa. Yeye alikuwa wa Kanisa la Kipresbiteri, nao walikuwa Waanglikana, lakini jambo hilo halikumzuia.

Walisafiri watu wanane, na Mackay alikuwa mdogo kuliko wote. Siku ya kuagana aliwaonya wakubwa wa chama kwamba kabla ya miezi sita kwisha huenda wakasikia mmoja wao amekufa, na kwamba habari hiyo isiwavunje moyo, bali watume mwingine kushika nafasi yake. Ikawa hivyo. Mwezi wa Agosti 1876 mmoja wao alizikwa Unguja. Baada ya miaka michache, katika wanane wale, wengine walikuwa wamekufa na wengine wamerudi kwao kwa ugonjwa. Alibaki Mackay peke yake.

Barabara ya Mpwapwa

Safari yake ya kwanza ya bara ilimshinda. Alipofika Ugogo homa ilimwangusha, akarudishwa pwani. Mtu mwingine angepanda meli na kurudi kwao. Yeye alipopata nafuu alipewa kazi ya kufungua barabara kutoka Saadani hata Mpwapwa, karibu maili 230, ili mizigo ipite kwa magari ya ng'ombe badala ya vichwa vya wapagazi. Mwaka 1877 aliingia porini na vibarua wake, wakiwa na mashoka, majembe na misumeno. Walikata miiba, wakajaza mabonde, wakajenga madaraja ya magogo. Watu wa njiani walikuwa wamezoea kuona Wazungu wakipita na bunduki, wakiamuru. Huyu walimkuta amekunja mikono ya shati, jasho linamtoka, ameshika shoka pamoja na vibarua. Wakamwita Mzungu wa Kazi.

Tusifiche kwamba barabara ile haikuleta yote yaliyotumainiwa. Ng'ombe wa kukokota magari walikufa kwa mbung'o, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi. Mackay alikuwa amejifunza Ulaya mambo mengi ya chuma, lakini habari za mbung'o alifundishwa na nchi yenyewe. Mgeni mwenye ujuzi hana budi kuwa mwanafunzi tena.

Alipofika Kagei, kusini ya ziwa, mwezi wa Juni 1878, alipata msiba. Wenzake wawili walikuwa wameuawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877, katika ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara mmoja wa pwani. Wengine walitazamia kisasi. Mackay alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akakaa na Lukonge siku kadhaa, wakasemezana kwa amani, akarudi salama. Kisha akakusanya vipande vya mashua yao, iliyoitwa Daisy, akaitengeneza. Katika safari ya kwenda Buganda tufani iliivunja. Yeye na mwenzake wakakata sehemu ya katikati, wakatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, na baada ya wiki nyingi wakaendelea na mashua iliyo fupi. Mwezi wa Novemba 1878 alifika mbele ya Kabaka.

Karakana ya Natete

Huko Buganda alikuta watu wenye ufundi wao. Walikuwepo wahunzi, wajenzi wa nyumba kubwa za matete, waundaji wa mitumbwi, na watengenezaji wa nguo za magome ya miti. Hakuja kwenye nchi tupu. Alipewa mahali Natete, si mbali na ikulu, akajenga nyumba na karakana. Akaweka fuawe, mivukuto, jiwe la kunolea na mashine ya kukereza. Vijana wa ikulu wakaanza kuja kutazama.

Wakati ule watu wa pale walichota maji mabondeni na kwenye vinamasi. Mackay alichimba kisima, akatia bomba, na maji yakapanda juu kutoka chini ya ardhi. Watu walikusanyika kustaajabu. Wengine walidhani ni uchawi, naye akajitahidi kuwaeleza kwamba ni akili tu, na kwamba wao nao wanaweza kujifunza.

Tena alichonga herufi za mti, akachapa karatasi za kusomea. Mwanzoni vitabu vyake vilikuwa vya Kiswahili, sehemu za Injili zilizofasiriwa na Askofu Steere wa Unguja, kwa maana wengi katika ikulu walikuwa wamekwisha kujua Kiswahili kwa sababu ya biashara na watu wa pwani. Mackay alikuwa amejifunza lugha hii njiani, ikawa daraja lake. Baadaye, kwa msaada wa wanafunzi wake, alifasiri na kuchapa kwa Kiganda. Mivukuto ikivuma, huku kijana akiisoma karatasi yake kando ya moto, ndivyo shule ilivyokuwa. Tarehe 18 Machi 1882 walibatizwa watu watano wa kwanza wa misheni ile. Mmoja wao, Sembera, alichagua kuitwa Mackay.

Kazi ya wakubwa

Lakini yako mambo mazito ambayo kila fundi mgeni atayaelewa. Mutesa alipenda mafundi kuliko waalimu. Tangu wamisionari wa kwanza walipofika aliwauliza kama wanajua kutengeneza bunduki na baruti, na jibu lao halikumpendeza. Mackay alipoitwa ikulu, mara nyingi aliitwa kwa ajili ya mikono yake, si kwa ajili ya maneno yake.

Mwaka 1882 mama yake Kabaka alifariki. Mutesa alitaka azikwe kwa fahari isiyopata kuonekana, akamwagiza Mackay kutengeneza majeneza matatu, moja ndani ya jingine. Moja lilifanywa kwa shaba nyekundu, na la nje lilikuwa kubwa kama nyumba ndogo. Mackay alifanya kazi muda wa wiki nyingi, mchana na usiku, kati ya kelele za wasaidizi na wasimamizi. Kaburi lilijazwa nguo za magome ya miti zisizohesabika. Kwa siku chache jina la Mackay lilikuwa midomoni mwa watu wote. Kisha sifa zikapoa, Kabaka akageukia mambo mengine, na yale majeneza yakabaki chini ya udongo.

Wala Mackay hakuwa mtu asiye na kosa. Mapadre wa Kifaransa walipofika mwaka 1879 alibishana nao vikali barazani mbele ya Kabaka, na wenyeji wakaona ajabu kwamba wanaomhubiri Kristo mmoja hawaketi pamoja. Ulimi wake ulikuwa mkali kama patasi. Leo tunaposhirikiana na ndugu zetu Wakatoliki, tunaona hasara ya ugomvi ule.

Siku ya huzuni

Mutesa alikufa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Mwezi wa Januari 1885 Mackay na mwenzake walikuwa njiani kwenda ziwani pamoja na vijana wao. Askari wakawazuia, wakawanyang'anya wale vijana. Mackay alihangaika mchana na usiku kuwaombea na kutaka kuwakomboa kwa mali, wala hakusikilizwa. Watatu, Marko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto. Lugalama alikuwa mtoto tu. Hapo ufundi wote wa Mackay haukufaa kitu. Mikono iliyojua kupandisha maji kutoka ardhini haikuweza kuwaokoa watoto watatu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwaka 1886 wakafa wengi, Waanglikana na Wakatoliki, wengine huko Namugongo.

Mwenzake aliporuhusiwa kuondoka mwaka 1886, Mackay alikatazwa, kwa kuwa Kabaka hakutaka kupoteza fundi wake. Ujuzi uliomfungulia mlango sasa ulikuwa kama pingu. Alibaki peke yake karibu mwaka mzima. Mchana alitengeneza vitu vya ikulu, na usiku walimjia kwa siri Wakristo waliojificha, akawafundisha na kuwachapia karatasi. Mwezi wa Julai 1887 alifukuzwa.

Usambiro

Hakwenda kwao. Alivuka ziwa, akaanza upya Usambiro kama mtu aliyefika jana. Akafyatua matofali, akajenga nyumba, akapasua mbao za kuunda mashua ya stima. Hapo Askofu Parker alikuja, akafa kwa homa mwaka 1888. Hapo pia walifika waliokimbia machafuko ya Buganda. Mwaka 1889 msafiri Stanley alipita na msafara wake, akakaa karibu wiki tatu, akastaajabu kuikuta karakana ile porini. Alimshauri Mackay afuatane naye hata pwani, akapumzike kwao. Mackay alikataa, kwa kuwa hakuwepo mtu wa kuchukua mahali pake.

Tarehe 8 Februari 1890 homa ilimwua, naye alikuwa na umri wa miaka 40. Miaka karibu 14 hakurudi kwao hata mara moja. Mashua yake ilikuwa haijakwisha. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishwa, ikazikwa Namirembe, Kampala.

Basi, ndugu zangu, tupime ni kazi gani yake iliyodumu. Barabara ililiwa na majani. Majeneza yalioza. Fadhili za wafalme zilipita kama umande. Kilichodumu ni kile alichowapa vijana waliokuja kutazama moto wa karakana, akawaonyesha namna ya kushika nyundo na kusoma herufi. Yeye alipofukuzwa, hao hawakufukuzika, maana walikuwa kwao. Wao ndio waliolibeba Kanisa.

Kama wewe ni mgeni mwenye ujuzi katika kijiji chetu, usingoje kusifiwa na wakubwa. Jifunze lugha ya watu, fanya kazi wanayoihitaji, na mweke kijana mmoja karibu nawe ili siku utakapohamishwa ujuzi usiondoke pamoja na sanduku lako. Nasi tulio wenyeji, tusimpende fundi kwa mikono yake tu, tumsahau mtu mwenyewe. Tumkaribishe nyumbani, tumuulize habari za kwao, naye akiugua tukamtazame. Mungu atujalie kuyafanya hayo.