Tujifunze ubunifu kutoka kwa George Mukabi

Malalamiko kwamba muziki wa kisasa umekosa upya hayasikiki kwetu pekee. Huko Uingereza na Marekani, mashabiki wa roki nao huteta kwamba bendi mpya ni haba, na zilizopo hurudiarudia midundo ya wazee wao. Sisi wa Kitale na Bungoma tunayo sehemu yetu katika kilio hicho. Kila nihudhuriapo arusi au matanga katika miji hii na vijiji vyake, hukuta kijana mwenye kinanda cha umeme kilichotiwa midundo kiwandani, akiimba nyimbo zilizotungwa kabla baba yake hajazaliwa. Utungo wake mwenyewe hana.

Ndiyo sababu yafaa tumkumbuke George Mukabi. Alizaliwa karibu na mwaka 1930 huko Kisa, upande wa Butere, katika nchi ya Waluhya. Alikua wakati ambapo gitaa lilikuwa chombo kigeni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorejea makwao na vibarua waliozunguka mijini na katika mashamba ya walowezi, yakiwemo yale ya Trans Nzoia, walisaidia kulieneza hadi vijijini. Wengi walilipiga kwa kufuata walichokisikia kwenye santuri.

Na santuri za kufuata hazikukosekana. Miaka ya 1950 nyimbo za Jean-Bosco Mwenda wa Katanga zilivuma mno Afrika Mashariki, na mwaka 1959 mwenyewe alifika Nairobi. Ingekuwa rahisi kwa Mukabi kuwa kivuli cha Mwenda. Badala yake, jina lake limefungamana na mtindo uitwao omutibo. Katika mtindo huu, kidole gumba huzishika nyuzi nene na kulinda mwendo, huku kidole cha pili kikicheza sauti ya juu inayojibizana na mwimbaji. Kando yake, mwenzake hukwaruza chupa ya Fanta kutunza mapigo. Nisikilizapo mwendo wa gumba lile, naisikia ngoma ya sukuti. Gitaa lilitoka ng'ambo, lakini Mukabi alilifundisha kusema kama watu wa kwao.

Mimi ni mtu wa isimu, kwa hiyo sikio langu huvutwa pia na lugha yake. Mukabi aliimba kwa Kiswahili cha bara, kile cha vibarua na wasafiri, ambacho hakikusumbuliwa sana na upatanisho wa ngeli. Mwalimu mkali angelijaza daftari lake wino mwekundu. Hata hivyo, Kiswahili hicho kilimfikisha mbali na Kisa, na wimbo wake wa Sengula Nakupenda ungali unaimbwa hadi leo. Msanii huyu hakungoja lugha kamilifu wala vyombo vya gharama ndipo atunge.

Aliuawa mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipojipatia uhuru, akiwa bado kijana. Mwanawe, Johnstone Mukabi, alilishika gitaa baada yake, na wapigaji wengi wa Magharibi wakafuata nyayo zake. Zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake, nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa upya ng'ambo katika santuri iitwayo Furaha Wenye Gita. Inasikitisha kwamba wageni walimtafuta kwa bidii kuliko sisi.

Sisemi kuiga ni dhambi. Mwaka huo huo wa 1963, The Beatles walitoa albamu yao ya pili, na ndani yake mlikuwa na wimbo wa Chuck Berry, Mmarekani. Mwanafunzi huanza kwa kuiga mwandiko wa mwalimu. Lakini wale vijana wa Liverpool hawakukomea hapo, na Mukabi hali kadhalika. Hata anayempenda Mukabi atamdhulumu akiishia kumnakili, kwa kuwa alichotuachia ni zaidi ya nyimbo. Alituachia njia ya kutunga: kutwaa chombo kilichopo na kukijaza sauti za nyumbani.

Sauti hizo bado zipo. Bungoma kuna litungu la Wabukusu, na wazee wanaojua kulipiga wangali hai. Sukuti nayo iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Walimu wanaotayarisha wanafunzi kwa tamasha za muziki wasitosheke na kukaririsha nyimbo zilizoteuliwa. Wawaalike wazee hao shuleni, kisha wamwambie kila mwanafunzi alete wimbo mmoja wa kwake, hata ukiwa na kasoro. Wazee hawatatungoja milele, na wakienda kabla vijana hawajawasikiliza, bendi mpya zitakazozaliwa hapa zitakuwa mpya kwa jina tu.