Idi Amin: Alikuwa Kichaa au Alijipenda Mno?

Ukimtaja Idi Amin hapa shuleni, utaambiwa papo hapo kwamba alikuwa kichaa. Mimi nakataa. Hebu tuyaangalie maisha yake.

Amin alijiunga na jeshi la King's African Rifles mwaka wa 1946. Alikuwa pande la mtu, na kutoka 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa ndondi Uganda. Masomo yake yalikuwa haba, lakini wakubwa walimsifu na kumpandisha cheo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tarehe 25 Januari 1971 alimpindua Rais Obote.

Sasa kiu ya sifa ikazidi. Alijijazia nishani kifuani, akajifanya Fildi Mashali mwaka wa 1975, na mwaka wa 1976 akawa Rais wa Maisha. Alijiita pia mshindi wa dola ya Waingereza, tena akabebwa kitini na Wazungu! Februari 1976 alidai hata magharibi ya Kenya, kwa kuwa zamani ilihesabiwa Uganda mpaka 1902. Kericho yetu ilikuwa ndani. Wakenya waliandamana, naye akanywea.

Watu walicheka, kumbe si jambo la kuchekesha. Mwaka wa 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Waliouawa wakati wake wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 500,000. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa na kuuawa, kisha serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Jamani, anayetunga uongo kuficha kosa si anajua kwamba ni kosa?

Madaktari husema kujipenda kukipita kiasi kunaweza kuwa kasoro ya nafsi. Lakini mwenye kasoro hiyo huwa anajua anachofanya. Hafanani na mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwepo, ambaye akitibiwa hupata nafuu.

Amin alivamia Kagera mwaka wa 1978, akang'olewa tarehe 11 Aprili 1979, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila kushtakiwa.

Basi wenzangu, tukimwita kichaa tunamsamehe bure. Tena tunawatukana wagonjwa wa akili vijijini mwetu, ambao wengi wao hawajamdhuru mtu yeyote. Kalamu naiweka chini.