Madge Syers: Mwanamke aliyewabadilishia wanaume sheria ya barafu

MNAMO mwaka wa 1902 jijini London, mwanamke mmoja aliwasilisha jina lake ili ashiriki mashindano ya dunia ya kuteleza kwa madaha kwenye barafu. Waandalizi walipigwa na butwaa. Walipoipekua sheria, hawakupata kifungu chochote kilichomzuia mwanamke kushindana na wanaume, kwa kuwa walioiandika hawakuwahi kudhani kwamba siku kama hiyo ingefika.

Mwanamke huyo alikuwa Madge Syers. Aliruhusiwa shingo upande na alipomaliza alikuwa wa pili, nyuma ya Ulrich Salchow wa Uswidi, bingwa aliyetajika kuliko wote enzi hizo. Wanaume wawili walimaliza nyuma yake.

Syers alizaliwa Septemba 16, 1881 jijini London, na jina lake la utotoni lilikuwa Florence Madeline Cave. Babake alikuwa mjenzi aliyejaliwa watoto 15. Mnamo 1900 binti huyo aliolewa na Edgar Syers, mtelezaji na mkufunzi wa mchezo huo.

Wakati huo, Waingereza walipenda kuteleza wakiwa wamekakamaa kama askari gwarideni, mikono ikiwa imebanwa mbavuni. Edgar alimhimiza mkewe auache mtindo huo na kukumbatia ule wa kimataifa, ambao uliupa mwili uhuru wa kujipinda na kuzunguka. Ushauri huo ulizaa matunda.

Hata hivyo, ufanisi wa 1902 haukumfurahisha kila mtu. Mwaka uliofuata, wakuu wa muungano wa kimataifa wa mchezo huo waliwapiga wanawake marufuku. Walidai kuwa sketi ndefu ziliwafichia waamuzi miguu, kwamba mwamuzi angeweza kumpendelea mchumba wake, na kwamba ilikuwa vigumu kumlinganisha mwanamke na mwanamume.

Dai la sketi lilikuwa na uzito wake. Nyakati hizo, sehemu kubwa ya alama ilitokana na michoro ambayo mshindani aliichora kwenye barafu kwa makali ya viatu vyake, na waamuzi walihitaji kuona jinsi mguu ulivyogeuka. Lakini jawabu lake halikuwa gumu. Syers alivaa sketi iliyoishia katikati ya miundi, na miguu ikaonekana.

Nyumbani Uingereza, ambako marufuku hayo hayakumfikia, alizidi kuwatoa wanaume kijasho. Alitwaa ubingwa wa taifa mnamo 1903, akauhifadhi mwaka wa 1904. Safari hiyo ya pili, miongoni mwa aliowabwaga alikuwamo mumewe mwenyewe.

Ilidhihirika kwamba mlango uliofungwa haungeweza kubaki hivyo daima. Muungano wa kimataifa uliamua kuwaanzishia wanawake mashindano yao, na ya kwanza yakafanyika Davos, Uswisi, mnamo 1906. Syers aliibuka mshindi. Mwaka wa 1907 alisafiri hadi Vienna na kulitetea taji lake, akiwatangulia tena Jenny Herz wa Austria na Lily Kronberger wa Hungaria.

Kilele cha maisha yake kilikuwa Michezo ya Olimpiki ya 1908 jijini London. Wakati huo Olimpiki ya majira ya baridi haikuwapo, nayo ingeanza mwaka wa 1924 huko Chamonix, Ufaransa. Kwa hivyo mchezo wa barafu uliingizwa katika Olimpiki ya kawaida, na ukafanyika mwezi wa Oktoba ndani ya ukumbi wenye barafu ya kutengenezwa.

Syers, aliyekuwa na umri wa miaka 27, aliwaacha mbali wapinzani wake. Waamuzi wote watano walimpa nafasi ya kwanza, akawa mwanamke wa kwanza kunyakua dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huo. Elsa Rendschmidt wa Ujerumani alipata fedha, naye Mwingereza Dorothy Greenhough-Smith akaridhika na shaba. Syers aliongeza nishani ya shaba akicheza pamoja na mumewe katika kitengo cha wawili wawili.

Kwa bahati mbaya, afya yake ilizorota na akalazimika kustaafu. Mnamo 1913, yeye na Edgar walichapisha kitabu kuhusu sanaa ya mchezo huo. Alifariki Septemba 9, 1917 kutokana na maradhi ya moyo, ikiwa imesalia wiki moja tu atimize miaka 36.

Wanawake waliomfuata, akiwemo Sonja Henie wa Norway aliyetwaa dhahabu tatu za Olimpiki kuanzia 1928 hadi 1936, waliikuta njia ikiwa tayari imefyekwa. Syers alikuwa ameifyeka kwa kujiandikisha tu pale ambapo sheria ilikuwa imenyamaza, kisha akacheza vizuri kiasi kwamba wakuu hawakuweza tena kumpuuza.