Semei Kakungulu: Jemadari aliyeianzisha Mbale, akapewa kiti Jinja

Gari likitoka Malaba na kupita Tororo kuelekea kaskazini, huingia Mbale, mji wa soko kubwa chini ya Mlima Elgon. Likielekea magharibi hufika Jinja, Mto Nile unapoanzia kwenye Ziwa Victoria. Wafanyabiashara wanaovuka mpaka huijua miji hii kwa mahindi, maharagwe na kahawa. Katika historia ya yote miwili limo jina la mtu mmoja, Semei Kakungulu. Mbale aliianzisha mwenyewe. Jinja alipelekwa na wakubwa.

Katika michezo, kocha hodari huweza kupandishwa cheo akawa meneja mkuu. Hupata ofisi na mshahara mzuri, lakini wachezaji aliowalea hubaki uwanjani na mtu mwingine. Kakungulu hakuwa mwanamichezo, ila maisha yake yalipita njia hiyo hiyo.

Alizaliwa Kooki, kusini magharibi ya Uganda ya leo, mwishoni mwa miaka ya 1860. Alihamia Buganda akiwa kijana, akajulikana kwanza kama mwindaji wa ndovu. Pembe zilikuwa mali ya thamani wakati huo, na aliyeweza kuongoza kundi la watu wenye bunduki porini aliweza pia kuliongoza vitani. Vita vya dini vilipoikumba Buganda kuanzia 1888, Kakungulu alikuwa jemadari wa upande wa Waprotestanti. Alipata vyeo vikubwa, lakini hakuelewana na Katikiro Apolo Kagwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na aliyeondoka ni Kakungulu. Alihamia Bugerere, ukingoni mwa Nile, akaanza kutazama mashariki.

Aprili 1899 alikuwa pamoja na jeshi la Waingereza huko Lango walipokamatwa Kabaka Mwanga wa Buganda na Mfalme Kabalega wa Bunyoro. Baada ya ushindi huo Waingereza walimruhusu aende mashariki. Akaingia nchi iliyoitwa Bukedi na wafuasi wake, akajenga ngome Budaka, akawagawia watu wake maeneo ya kutawala kwa mfano wa Buganda. Aliamini kuwa serikali ingemtambua kama mfalme wa nchi hiyo.

Wenyeji nao walikuwa na hesabu yao. Utawala ule uliwafikia kwa bunduki, ng'ombe wao wakachukuliwa, nao wakalazimishwa kufanya kazi. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1902 Waingereza waliichukua ngome ya Budaka na kumwondolea madaraka. Badala ya ufalme alipewa ardhi ya maili 20 za mraba karibu na Mlima Elgon.

Hapo ndipo Mbale ilipozaliwa. Kakungulu alihamia na wafuasi wake mahali ambapo hapakuwa na mji, wakalima migomba, wakajenga nyumba na kufungua barabara. Palipo na watu wengi na chakula, mchuuzi hachelewi kufika. Waswahili, Waarabu na Wahindi walikuja na nguo na bidhaa nyingine, wakatafuta pembe na ngozi. Katika muda wa miaka michache Mbale ikawa kituo cha biashara, na serikali iliyomwondoa Budaka ikamfuata huko, ikaweka ofisi yake.

Mwaka 1906 alipandishwa cheo. Alipelekwa Jinja kuwa rais wa Lukiiko, yaani baraza la machifu wa Busoga. Kwa cheo, ilikuwa hatua ya juu: kiti, mshahara na jina. Lakini Busoga ilikuwa na watawala wake wa kurithi, kila mmoja na eneo lake, na kwao Kakungulu alikuwa mgeni aliyeletwa na serikali. Hakuwa na jeshi wala ardhi ya kuwagawia wafuasi. Huko nyuma, wengi wa watu wake waliendelea kutawala vijiji vya mashariki, sasa wakiwa mawakala wa Waingereza. Mfumo aliouanzisha uliendelea kufanya kazi bila yeye.

Alikaa Jinja hadi 1913, kisha akarudi Mbale. Busoga haikupata rais mwingine hadi 1919, na safari hii alichaguliwa mwenyeji, Ezekieli Wako, Zibondo wa Bulamogi.

Huko Mbale, Kakungulu aligeukia dini. Alijiunga na Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali, na kwa sababu hiyo akagombana tena na serikali. Mwaka 1919 alitahiriwa, akaanza kuishi kwa sheria za Musa. Jumuiya aliyoianzisha, Abayudaya, ipo hadi leo katika vilima vya Mbale. Alifariki Novemba 24, 1928, akazikwa Gangama, nje kidogo ya mji.

Ufalme alioutafuta hakuupata, na kiti cha Jinja hakikudumu. Mbale, aliyopewa kama fidia ya kunyang'anywa Budaka, ndiyo iliyobaki. Kila anayeshusha mzigo huko leo anaendeleza biashara iliyoanza na wachuuzi waliofuata watu wa Kakungulu hadi chini ya mlima ule.