Ar-Razi: Tabibu aliyewaacha wanafunzi waseme kwanza

Hebu fikiria uko mji wa Rayy, kusini ya Tehran ya leo, miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Mwanao anawaka homa na mfukoni huna kitu. Unaingia barazani, unamkuta mzee mwenye kichwa kikubwa, amezungukwa na wanafunzi wake. Nyuma ya hao wako wanafunzi wengine, na nyuma yao wengine tena.

Humfikii moja kwa moja. Unaeleza shida yako kwa wale wa mwanzo unaokutana nao. Wakiijua dawa, basi. Wakishindwa, unapelekwa kwa safu ya pili. Wote wakikwama ndipo mzee mwenyewe anapofungua mdomo.

Huyo ndiye Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, aliyezaliwa Rayy mwaka 251 Hijria (865). Sisi tulio vyuoni tumezoea mwalimu aseme, sisi tuandike tu. Kwake, mwanafunzi mchanga ndiye aliyemsikiliza mgonjwa kwanza, na mgonjwa huyo mara nyingi alikuwa fukara. Ar-Razi aliwatibu mafukara na hata kuwapa posho.

Aliongoza hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad. Huenda umesikia kile kisa cha nyama: ati alitundika vipande sehemu mbalimbali za Baghdad, na pale ilipochelewa kuoza ndipo akachagua pajengwe hospitali. Kisa kitamu, lakini hospitali inayotajwa, ya Adudi, ilifunguliwa mwaka 981, naye alikuwa kaburini zaidi ya miaka hamsini! Mimi nakitia shaka.

Yaliyo thabiti yanatosha. Aliandika kitabu kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu, chenye dawa za vitu vinavyopatikana jikoni na sokoni. Akaandika kingine cha kutofautisha ndui na surua, maradhi yaliyokuwa yakimaliza watoto mitaani. Na katika maandishi yake anaeleza kuwa wagonjwa wengine wa homa ya ubongo aliwatoa damu, wengine akawaacha makusudi, apate kujua kama kutoa damu kunafaa kweli. Ebo, fikiria ujasiri huo! Kila mtu wakati ule alishaamini kunafaa.

Usidhani alikuwa hana wapinzani. Kwa maneno aliyonasibishiwa kuhusu utume, wanavyuoni walimkosoa vikali, na hapo sina la kumtetea. Utabibu wake lakini ulivuka mipaka yote: mwaka 1279 Myahudi wa Sicily, Faraj bin Salim, alikamilisha kukifasiri kitabu chake kikubwa, Al-Hawi, kwa Kilatini.

Uzeeni macho yalimharibika, akapofuka, yeye ambaye watu walikuwa hawamkuti ila anaandika au ananakili. Akafariki mwaka 313 Hijria (925).

Al-Hawi yenyewe hakuiona ikiwa kitabu. Ilikuwa makaratasi tu, rundo la kumbukumbu za wagonjwa na aliyoyasoma. Inasimuliwa kuwa waziri Ibn al-Amid aliyanunua kwa dada yake marehemu kwa mali nyingi, kisha akawakusanya matabibu waliosoma kwake wayapange. Wakaketi tena pamoja pale Rayy, safari hii bila mzee wa kumuuliza wakikwama.