Daktari Aliyetoa Dakika 15

Mwaka huu nimeonelea niwasimulie maisha ya daktari mmoja wa Marekani aliyekuwa mlevi chakari, kisha akawa mmoja wa wale wawili walioanzisha mikutano ya walevi ya kusaidiana kuacha pombe. Nina sababu yangu ya kumchagua. Mtaiona mbele.

Robert Holbrook Smith, au Daktari Bob, alizaliwa tarehe 8 Agosti 1879 katika mji wa St. Johnsbury, jimbo la Vermont. Wazazi wake walishika dini sana na walimlaza mapema jioni, lakini kijana alikuwa akinyemelea chini na kutoroka kwenda kucheza na wenzake.

Pombe aliizoea alipokuwa katika chuo cha Dartmouth. Aliposomea udaktari mjini Chicago, mikono ilimtetemeka sana wakati wa mtihani wa mwisho hata hakuweza kushika kalamu. Akarudisha karatasi tupu! Hebu fikiria, wewe mwenzangu unayeogopa KCSE. Ilibidi arudie masomo bila kuonja tone, ndipo akahitimu mwaka 1910. Akaenda kufanya kazi hospitalini Akron, jimbo la Ohio, na mwaka 1915 akamwoa Anne Ripley.

Mwaka 1920 serikali ya Marekani ilipiga pombe marufuku. Bob alidhani sasa ataokoka. Kumbe wapi! Madaktari waliruhusiwa kupata pombe ya dawa, na wauzaji wa magendo nao walikuwa tele. Alizificha chupa kwenye makaa, juu ya miimo ya milango, hata ndani ya soksi. Mkewe alipekua kila mahali. Watu walimshauri, yeye mwenyewe aliapa, na kwa miaka miwili hivi alihudhuria mikutano ya maombi. Akaendelea kunywa tu.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Mnamo Mei 1935 alifika Akron mtu wa biashara kutoka New York, jina lake Bill Wilson. Alikuwa mlevi aliyeacha miezi mitano tu iliyopita. Biashara yake ikaharibika, akabaki peke yake hotelini, na kelele za baa zikamwita. Aliogopa. Akashika simu na kuanza kuwapigia watu wa makanisa, akitafuta mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Mwishowe akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyemfahamu Bob.

Walikutana Jumapili tarehe 12 Mei, saa kumi na moja jioni. Bob alikuwa na uchovu wa pombe ya jana, akamwambia mkewe kwamba atakaa dakika 15 tu, asije akahubiriwa tena. Aliondoka saa tano usiku! Bill hakuja kumshauri. Alimsimulia yaliyompata yeye mwenyewe, na akakiri kwamba yeye ndiye anayehitaji msaada usiku ule asirudi kwenye chupa. Kwa mara ya kwanza Bob alisikia mtu akieleza ulevi kama aliyeuonja.

Hakupona mara moja, la. Mwezi Juni alikwenda kwenye mkutano wa madaktari, akalewa vibaya. Aliporudi alikuwa na mgonjwa wa kupasua, basi asubuhi hiyo Bill akampa bia ili mikono itulie. Baada ya upasuaji Bob alipotea kwa saa nyingi, nyumbani wakaingiwa na hofu. Kumbe alikuwa akizunguka mjini kwa watu aliowakosea, akitengeneza mambo nao. Chama chao, Alcoholics Anonymous, huihesabu tarehe 10 Juni 1935 kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Wawili hao walianza kutafuta walevi wengine hospitalini. Walikutana katika nyumba za watu, wakaongezeka, na mwaka 1940 wakahamia shule iitwayo King, pale pale Akron. Pamoja na mtawa Ignatia wa hospitali ya St. Thomas, Bob alitibu walevi wapatao 5,000 bila kuwatoza ada. Hamu ya pombe ilimsumbua zaidi ya miaka miwili baada ya kuacha. Alifariki tarehe 16 Novemba 1950.

Sababu yangu ni mjomba. Nyumbani tumemweka kikao mara ngapi! Wazee wamesema, mama amelia, nami nimewahi kumwaga chang'aa yake nikakimbia. Kisha mama akasikia kwamba mikutano ya namna hii ipo hata hapa Kenya. Hakuna ada, mtu hutaja jina la kwanza tu, na anayetaka kuacha hukaribishwa hata kama alilewa jana. Mjomba alikataa kata kata. Nikamsimulia habari za Bob, akacheka ile ya soksi, nikashuku kwamba yeye pia anaijua mbinu hiyo.

Alhamisi moja akasema ataenda, lakini atakaa kidogo tu. Mama alimfunikia chakula mezani. Saa tatu usiku kilikuwa kimepoa, na hatukuwa na hakika kama yuko mkutanoni au kwingine. Saa nne kasoro mlango ukagongwa. Akaketi, akala ugali ule baridi wote, akaniuliza kama Alhamisi ijayo nina kazi nyingi ya shule, maana anataka nimsindikize hadi mlangoni.